Oili ya Kijiko na Mkono wa Fundi

Kijiko cha tani 20 kikichimba mtaro, ndoo yake haivutwi na mnyororo wala kamba ya chuma. Inasukumwa na oili. Injini ya dizeli inazungusha pampu, pampu inapeleka oili kwenye vali, opereta akisogeza wenzo vali inaifungulia oili njia ya kuingia kwenye silinda, na humo ndani oili inaisukuma pistoni mpaka mkono mzima wa chuma unanyanyuka. Kanuni yenyewe aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, presha yake inasambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kubania vitu iliyotumia kanuni hiyo, na katapila, greda, foklifti na winchi za bandarini ni wajukuu wa mashine ile. Leo presha ndani ya kijiko cha kawaida hufikia kilo 350 kwa kila sentimita moja ya mraba. Eneo hilo ni karibu sawa na ukucha wa kidole gumba, na kilo 350 ni uzito wa dume la ng'ombe. Tairi ya gari dogo hujazwa kilo mbili na kitu tu.

Katika yadi nyingi za mitambo, oili hiyo huzungumzwa katika vikao viwili visivyokutana. Kikao kimoja ni cha sevisi, na hesabu yake ni ya fedha: mtambo umefanya kazi saa ngapi, filta ni bei gani, pipa jipya linunuliwe sasa au mwezi ujao. Kikao kingine ni cha usalama, na mada zake ni kofia ngumu, viatu vyenye chuma mbele na vizibao vya kung'aa. Mwenye mtambo akibanwa na fedha huahirisha cha kwanza na kuamini kwamba cha pili kiko palepale, hakijaguswa. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Uchafu unaoingia kwenye oili leo ndio joto la mwezi ujao, joto hilo ndilo linalokausha mpira wa hozi, na hozi iliyopasuka ndiyo inayomtia fundi kilema au kuunguza mtambo pamoja na aliyemo. Ni mnyororo mmoja, na anayekata pesa ya sevisi anakata pesa ya usalama, hata kama vitabu vyake vya hesabu vinaonyesha safu mbili.

Tuanze na uchafu, maana ndio unaodharauliwa kuliko yote. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi, na jicho zima lisilo na kioo cha kukuzia linaishia kwenye maikroni 40. Sasa angalia ndani ya pampu: nafasi kati ya pistoni na tundu lake huanzia maikroni 5. Chembe ya mchanga inayolingana na nafasi hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kubwa kuliko hiyo haipenyi na ndogo kuliko hiyo inapita bila kugusa, lakini ile inayolingana inakwama katikati na kukwangua chuma pande zote mbili. Chuma kilichokwanguliwa nacho kinakuwa chembe mpya zinazokwenda kukwangua mahali pengine. Kwa hiyo fundi anayechovya kijiti, akaitazama oili kwenye mwanga na kusema bado ni safi, anasema kweli kuhusu kile anachokiona. Vumbi linaloua pampu halionekani kwa macho.

Ndiyo maana wataalamu wana kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 4406. Kinahesabu chembe zilizomo katika mililita moja ya oili kwa ukubwa wa kuanzia maikroni 4, 6 na 14, na kuzipa namba tatu. Kila namba ikipanda hatua moja, chembe zimeongezeka maradufu. Mitambo mingi ya presha kubwa hulenga 18/16/13, na hiyo 18 ya mwanzo maana yake ni chembe kati ya 1,300 na 2,500 katika tone kubwa la mililita moja. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba oili mpya, iliyotoka pipani asubuhi hiyo, mara nyingi hukutwa kwenye 21 au zaidi. Hatua tatu juu ni uchafu mara nane. Oili haikuchakachuliwa. Imepita kwenye matangi ya kiwanda, kwenye mabomba ya kujazia, ikalala kwenye pipa la bati lenye magamba yake ndani, kisha ikamiminwa kwa dumu lililokatwa na faneli iliyokuwa imetundikwa ukutani pamoja na vumbi lake. Kuwa mpya hakuifanyi kuwa safi.

Pipa lenyewe lina hadithi yake wakati wa masika. Likisimamishwa wima nje, maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko kuzunguka vizibo. Mchana jua linapasha oili na hewa iliyo ndani, hewa inatanuka na kupenya nje kupitia nyuzi za kizibo hata kama kimekazwa. Usiku, au mvua ya ghafla ikinyesha, hewa inasinyaa na pipa linavuta, na kinachovutwa ni yale maji yaliyotuama juu. Pipa linapumua kama mtu aliyelala. Dawa yake haina gharama: liwekwe chini ya paa, au lilazwe ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa kwenye usawa mmoja ili oili ivifunike kwa ndani na maji yasipate pa kutuama. Maji yakishaingia, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, hupoteza utelezi, na chuma huanza kushika kutu kwa ndani. Njia nyingine ya maji ni pale mtambo unapooshwa kwa mashine ya presha na kijana anaelekeza mdomo wa bomba moja kwa moja kwenye kipumulio cha tangi.

Filta ingetegemewa kuziba makosa yote haya, na kwa kiasi fulani inaziba. Lakini filta ina tabia ambayo kila mwenye mtambo angefaa kuijua. Ikijaa uchafu kiasi cha oili kushindwa kupita, vali ndogo iliyo kando yake hufunguka na kuipitisha oili pembeni bila kuchujwa. Iliwekwa kwa nia njema, ili filta isipasuke au pampu isikose oili. Matokeo yake ni kwamba kijiko kinaendelea kuchimba vizuri tu huku kikinywa uchafu wake, na opereta hana habari isipokuwa mtambo uwe na taa ya kumwonya, na taa iwe haijachomolewa waya. Basi ile kauli ya kwamba mtambo unafanya kazi, kwa nini tuuguse, inajibiwa na vali hii peke yake.

Baada ya uchafu ni joto. Pampu na vali zikishalika, oili inayotakiwa kusukuma inarudi nyuma kupitia nafasi zilizopanuka. Nguvu ya injini iliyotumika kuisukuma haipotei, inageuka joto. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, ikiwa nyepesi inarudi nyuma zaidi, na inaporudi zaidi inazidi kuchemka. Dalili yake wanaijua maopereta wote: asubuhi mtambo una nguvu, ikifika saa nane mchana umelegea, unanyanyua ndoo kwa kubembelezwa. Wengi husema umechoka. Ukweli ni kwamba umechemka, na mara nyingine sababu ni rahisi zaidi, mapezi ya rejeta ya kupozea oili yamejaa vumbi na majani. Au oili iliyowekwa si uzito wake. Namba 46 na 68 zilizoandikwa kwenye mapipa zinaeleza uzito wa oili ikiwa na nyuzijoto 40, na kijiko kinachofanya kazi kwenye joto la Pwani huenda kikahitaji nzito kuliko kile cha baridi ya Makete, kadiri kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza. Kuongezea oili yoyote iliyopo stoo, kwa kuwa zote ni oili, kunachanganya pia dawa zilizotiwa kiwandani, na dawa hizo haziendani siku zote.

Oili ikizoea kupita nyuzijoto 82, mpira wa sili na hozi hukakamaa na kupoteza mnyumbuliko, na oili yenyewe huoza haraka. Mafundi hukisia kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Hozi ya presha kubwa si bomba la mpira tupu. Ndani ina tabaka za nyaya za chuma zilizosukwa, na nyaya hizo ndizo zinazobeba mzigo. Mpira wa juu ukishapasuka au kuchubuka kwa kusuguana na chuma, maji yanaingia, nyaya zinashika kutu moja moja, na siku itakayokatika haichagui. Hapa ndipo nisipokubaliana kabisa na ufundi wa kuunganisha hozi iliyokatika kwa kipande cha bomba na klampu mbili. Fundi anayefanya hivyo hakosi kusifiwa kwa ujuzi, na kwenye bomba la maji angestahili sifa. Kwenye presha ya kilo 350 ameweka kitu kitakachochomoka, swali ni nani atakuwa karibu.

Historia ina ushahidi mzito juu ya kinachofuata oili ikitoka kwa presha mahali penye moto. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, Marcinelle, Ubelgiji, gari la makaa lilikaa vibaya ndani ya lifti ya mgodi. Lifti ilipoondoka, gari lililochomoza lilikata bomba la oili ya presha, nyaya za umeme na bomba la hewa iliyoshindiliwa. Oili ilitoa kuni, umeme ukatoa cheche, hewa ikapuliza. Watu 262 walikufa, 136 kati yao wakiwa Waitaliano waliokwenda kutafuta riziki. Baada ya hapo nchi za Ulaya zenye migodi ya makaa ziliunda tume ya usalama wa migodi, na moja ya kazi zake ilikuwa kuweka vipimo vya vimiminika vya haidroliki, yaani vya kusukumia mitambo kwa presha, visivyoshika moto kirahisi. Tarehe 3 Septemba 1991, katika kiwanda cha kusindika kuku mjini Hamlet, jimbo la North Carolina, Marekani, bomba la haidroliki la mkanda wa kubebea nyama lilichomoka kwenye kiungio baada ya kufanyiwa matengenezo. Oili ilirukia miali ya gesi ya kikaango, na watu 25 wakafa. Milango iliyofungwa kwa nje iliongeza vifo, na hilo lisisahaulike, lakini moto ulianzia kwenye kiungio.

Mtu atasema kijiko si mgodi, na oili ya haidroliki haiwaki kirahisi, hata njiti ya kiberiti huzimika ikitumbukizwa ndani yake. Ni kweli kwa oili iliyotulia kwenye beseni, ambayo huhitaji kupita nyuzijoto 200 ndipo itoe mvuke wa kuwaka. Inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha ni kitu kingine. Inakuwa ukungu, kila chembe ikizungukwa na hewa, na ukungu huo unawaka kwa kuguswa tu na chuma cha moto. Turbo na bomba la moshi la dizeli inayofanya kazi nzito hupita nyuzi 400, na kwenye mitambo mingi vitu hivyo viko hatua chache kutoka kwenye pampu. Hozi inayotoka jasho upande wa injini, hata tone moja kwa dakika, inastahili kusimamisha kazi.

Pingamizi kubwa zaidi ni la fedha, na sitaki kulipita juu juu, kwa sababu mitambo mingi hapa kwetu iko mikononi mwa watu wenye kijiko kimoja au viwili, vilivyonunuliwa vikiwa vimeshatumika ng'ambo, na hulipwa kwa saa. Mtu huyo hana maabara, na kumwambia apime ISO 4406 kila saa 250 ni kumsomea kitabu cha nchi nyingine. Hata hivyo sehemu kubwa ya ulinzi haihitaji maabara. Kufuta kifuniko cha tangi na shingo yake kabla ya kukifungua ni kazi ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Kuziba midomo ya hozi mara tu inapofunguliwa ni kazi ya vifuniko vya plastiki. Oili ikiwekwa kwenye chupa nyeupe na kuachwa usiku kucha, asubuhi itaonyesha maji na mashapo chini. Filta ya zamani ikikatwa na kukunjuliwa, itasema kama kinacholika ni shaba, chuma au mpira. Kuhusu oili mpya, pampu ndogo yenye filta ya kuchujia wakati wa kujaza inaweza kununuliwa na wamiliki watano au sita wa mji mmoja, kama wanavyochangia gari la kubebea mitambo yao.

Kuna wanaofikiri njia ya mkato ni kubadilisha oili mara kwa mara. Nia yao ni njema, ila haifiki inakokusudia. Kijiko cha tani 20 hubeba zaidi ya lita 200 za oili, na tangi ni sehemu tu ya hizo. Nyingine imekaa kwenye silinda, mota na mabomba, haitoki ukifungua kizibo cha chini, nayo huchafua ile mpya mara injini inapowashwa. Juu ya hayo, kila tangi linapofunguliwa kwenye upepo wa saiti, vumbi linakaribishwa. Oili inayolindwa isichafuke hudumu saa nyingi, kwa kawaida kuanzia 2,000 kwa oili ya kawaida, na pungufu ya hapo kama mtambo unafungwa breka ya kupasulia mawe, ambayo hupiga oili kwa mitikisiko na kuichosha mapema. Na iliyomwagwa nayo ina njia zake mbaya. Oili chafu hupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa, humwagwa kwenye barabara za vumbi, huishia kisimani. Ikusanywe kwenye mapipa yaliyofungwa na kukabidhiwa wakusanyaji wenye kibali.

Nimeacha mkono wa fundi mwisho kwa sababu ndio unaolipa deni la yote yaliyotangulia. Tundu la sindano kwenye hozi hutoa mshale wa oili mwembamba usioonekana, na presha ya kilo 7 tu kwa sentimita ya mraba inatosha kutoboa ngozi. Kijiko kina mara hamsini ya hiyo. Fundi anaona oili imelowanisha hozi, hajui inatokea wapi, anapitisha vidole kupapasa. Anahisi kama kachomwa na mwiba. Damu haipo, kuna doa dogo, na kwa saa ya kwanza maumivu ni kidogo, kwa hiyo anafuta mkono na kuendelea. Ndani oili imesambaa kwenye ala za kano mpaka kiganjani au zaidi, inabana mishipa ya damu na kuua nyama. Madaktari wanalijua jeraha hili tangu mwaka 1937, lilipoelezwa katika jarida la kitabibu la Marekani kuhusu mafuta ya injini ya dizeli yaliyopenya mwilini kwa presha. Wagonjwa wengi wanaochelewa hukatwa kidole au mkono. Glovu haizuii, mshale unapita kwenye ngozi ya ng'ombe kama unavyopita kwenye ngozi ya mtu.

Kwa hiyo uvujaji hautafutwi kwa mkono. Hutafutwa kwa kipande cha boksi au ubao kinachopitishwa karibu na hozi, fundi akiwa amevaa miwani, na akishaona boksi limelowa au limetobolewa, anazima. Kuzima injini kwenyewe hakutoshi. Ndoo na mkono mzima vishushwe mpaka vilale ardhini, injini izimwe, kisha switchi irudishwe kwenye kuwasha bila kupiga starta, nyenzo zote zisogezwe pande zote mara kadhaa, na kipumulio cha tangi kifunguliwe taratibu ili presha iliyobaki itoke. Mtambo wenye akumuleta, yaani chupa ya chuma yenye gesi ya naitrojeni inayotunza presha, unaweza kubaki na nguvu kamili muda mrefu baada ya injini kupoa, na kila mtengenezaji ameeleza namna ya kuimaliza. Oili iachwe ipoe pia. Na hakuna anayeingia chini ya mkono ulioning'inia kwa sababu eti silinda imeushika. Silinda imeshikwa na oili, na oili imeshikwa na sili ya mpira.

Mtu akitobolewa, asilishwe chochote, kwa kuwa huenda akahitaji kulazwa kwa usingizi wa upasuaji, na aondolewe hapohapo, bila kusubiri uvimbe. Saiti nyingi za barabara na migodi midogo ziko mbali na daktari wa upasuaji, huku matumaini makubwa ya kuuokoa mkono yakiwa katika saa sita za kwanza, basi gari na hospitali ya kupelekwa vijulikane kabla kazi haijaanza. Zahanati ya karibu, kwa kuona doa tu, itasafisha, itafunga bendeji, itampa dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda na kumruhusu arudi. Anayemsindikiza ana neno moja la kusema mlangoni, na alirudie kwa kila atakayempokea: oili ya presha imeingia ndani ya mkono, anahitaji kufunguliwa na daktari wa upasuaji leo. Jina la oili iliyomo kwenye mtambo liwe limeandikwa kwa rangi isiyofutika ndani ya kibanda cha opereta, pamoja na namba ya simu ya hospitali hiyo.